Kisanduku changu cha faragha kilikuwa kinachungulia

"Kaka, hivi hicho kisanduku chako kinaona tunachosoma?"

Mdogo wangu aliuliza akiwa amesimama mlangoni, simu mkononi, na uso wake haukuwa na mzaha. Nikamjibu chapuchapu kwamba hapana, kinazuia matangazo tu. Nilikuwa namdanganya. Tena kwa wiki mbili nzima nilikuwa najua kwamba anatafuta nyumba ya kuhamia, kwamba kuna ugonjwa fulani anausoma usiku wa manane, na kwamba hayo yote hajamwambia mtu. Sikuambiwa na jirani wala sikusikiliza simu zake. Niliambiwa na kisanduku.

Nimechelewa kuliandika hili kwa sababu linanivunjia heshima. Kwa zaidi ya miaka kumi mimi ndiye mtu ambaye ndugu na marafiki humfuata wakitaka kujua simu ipi ni salama, programu ipi waifute, nani anawafuatilia. Nimetoa ushauri mwingi kwa sauti kubwa, na sasa nikiupitia naona robo yake ndiyo iliyokuwa na maana. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini hawakusema kitu kuhusu mganga anayewaambukiza wagonjwa.

Kisanduku chenyewe ni kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Simu yako inapotaka kufungua tovuti haijui tovuti hiyo iko wapi, inajua jina tu, kwa hiyo kwanza huuliza: jina hili anwani yake ni ipi? Kisanduku hukaa katikati na kuyapokea maswali hayo yote. Jina likiwa la tovuti ya kawaida, jibu hupita. Likiwa la kampuni inayosambaza matangazo au kufuatilia watu, kisanduku hujibu kwamba hakuna kitu kama hicho, na tangazo halifunguki. Ni ujanja mzuri, unafanya kazi, na bado nautumia.

Ila kinachopokea maswali yote kinaweza pia kuyaandika, na changu kiliyaandika tangu siku ya kwanza bila mimi kukiamuru: saa, dakika, kifaa kilichouliza, jina lililoulizwa. Halafu kilinitengenezea ukurasa wenye grafu za rangi. Sisi watu wa kompyuta tuna udhaifu mmoja: tukipewa grafu, hatuulizi ni ya nini. Kila asubuhi niliufungua ukurasa ule kabla sijanawa uso. Nilijiambia kwamba natazama kama mfumo unafanya kazi vizuri. Baada ya muda nikawa natazama nani alichelewa kulala.

Pale nyumbani hakuna aliyetia sahihi popote. Hakukuwa na masharti ya matumizi, hata yale marefu ambayo watu huyakubali bila kuyasoma. Nilikuja kuwakinga na kampuni zinazowachungulia, nikawa kampuni. Tena kampuni isiyo na mkaguzi, isiyo na mahali pa kupeleka malalamiko, na inayokula nao meza moja.

Wakati huo nilikuwa na utetezi, na niliuamini: sikuona walichosoma. Ni kweli. Kisanduku kiliona jina la tovuti, hakikuona ukurasa, na hakikusoma neno hata moja la ujumbe wa mtu. Lakini hebu jaribu mwenyewe. Tovuti ya hospitali saa nane usiku. Kisha tovuti ya dawa. Kisha ukumbi wa wagonjwa wanaopeana moyo. Kesho yake nyumba za kupanga, na kesho kutwa nyumba za kupanga tena. Hapo unahitaji kusoma sentensi gani?

Jina la taarifa za aina hii ni metadata: nani, lini, wapi, mara ngapi, bila ya kilichosemwa. Michael Hayden, aliyewahi kuongoza NSA na CIA, mashirika mawili ya ujasusi ya Marekani, alisema hadharani mwaka 2014 kwamba wao huua watu kwa kutegemea metadata. Mimi sikuwa nawinda mtu, lakini chombo nilichokishika kilikuwa cha ukoo huohuo.

Wala usitulizwe na anayekuambia kwamba majina yameondolewa. Agosti 2006 kampuni ya AOL iliweka mtandaoni, kwa ajili ya watafiti, maneno yaliyotafutwa na watumiaji wake wapatao 650,000 katika muda wa miezi mitatu. Majina yalifutwa, kila mtu akapewa namba. Waandishi wa New York Times walichukua namba moja, 4417749, wakasoma alichokuwa akikitafuta, na siku chache tu tangu orodha ile itoke walikuwa wakizungumza na mwenyewe. Hakuna aliyevunja mlango wowote. Watu hatutafuti vitu ovyo. Tunatafuta mtaa wetu, jina la ukoo wetu na maumivu yetu.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza taarifa zake zitalindwaje, namrudisha nyuma kwenye swali linalotangulia: zinahifadhiwa za nini? Mwaka 2013 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana programu moja ya tochi ya simu iliyokuwa imepakuliwa mara mamilioni, kwa sababu ilikuwa inapeleka mahali walipo watumiaji kwa kampuni za matangazo. Tochi! Hakuna ulinzi wa kisasa ambao ungeifanya tochi hiyo kuwa salama kuliko tochi isiyojua uko wapi. Basi fomu ikitaka tarehe yako ya kuzaliwa na huoni sababu, acha wazi. Ikikataa kuachwa wazi, na si benki wala ofisi ya serikali, andika tarehe yoyote. Mimi kwenye tovuti nyingi nimezaliwa tarehe 1 Januari, na mwaka hubadilika kulingana na nilivyoamka.

Nirudi nyuma kidogo uone nilivyofika huko. Juni 2013, magazeti yalipoanza kuchapisha nyaraka za siri za NSA alizozitoa Edward Snowden, aliyekuwa akiifanyia kazi, wengi wetu tulipata hofu na, tuseme ukweli, tulipata na raha. Si tulisema? Nikajitosa mzimamzima. Niliweka kwenye simu mfumo niliouchagua na kuusimika mwenyewe, kengele ikawa hailii kwa nusu ya simu zinazoingia. Nilibandika utepe kwenye kamera. Nilijitoa kwenye kundi la ukoo nikiwaambia wanifuate kwenye programu salama zaidi. Hakuna aliyenifuata, na habari ya msiba ilinifikia baada ya siku mbili.

Fahari yangu kubwa ilikuwa PGP, programu aliyoitoa Phil Zimmermann mwaka 1991 ili mtu wa kawaida aweze kuifumba barua pepe yake isisomwe njiani. Yule bwana alikuwa na ujasiri. Serikali ya Marekani ilimchunguza kwa miaka mitatu kabla ya kuachana naye mwaka 1996. Nilichapisha alama za kuutambulisha ufunguo wangu wa PGP kwenye kadi za kazi, herufi na namba 40 chini ya jina langu, na watu walidhani ni akaunti ya benki. Katika miaka yangu yote ya PGP nilipokea barua saba zilizofumbwa. Nne kati yake zilisema: hii ni ya majaribio, umeipata?

Watu walishasema mapema kwamba kuna tatizo. Mwaka 1999 watafiti Alma Whitten na J. D. Tygar waliwakalisha watu 12 mbele ya PGP, wakawapa dakika 90 kutuma ujumbe uliofumbwa na kutiwa sahihi. Theluthi tu ndio waliofanikiwa. Watatu waliituma siri yenyewe wazi bila kukusudia. Majibu yetu sisi wajuzi, mimi nikiwamo, yalikuwa yaleyale kila mara: watu ni wavivu, wasome maelekezo. Kisha Aprili 2016 WhatsApp ikawawekea watumiaji wake zaidi ya bilioni moja ufumbaji wa mwisho kwa mwisho, yaani ujumbe husomwa na mtumaji na mpokeaji tu, na hakuna aliyelazimika kujifunza chochote. Wengi hawakujua hata kwamba imetokea. Shangazi yangu aliyekuwa hawezi kuambatisha picha kwenye barua pepe akawa anatuma ujumbe uliofumbwa vizuri kuliko zile barua zangu saba.

Ingenipasa nifurahi. Niliudhika, kwa sababu nilikuwa nimepoteza cheo. Ukijikuta unaudhika kwamba jambo gumu limekuwa rahisi kwa watu wengine, jichunguze vizuri. (Na WhatsApp nayo bado inajua nani anamwandikia nani na saa ngapi, kwa hiyo hadithi ya metadata haijaisha. Lakini hilo silo lililoniudhi siku ile.)

Sasa mdogo wangu. Siku tatu baada ya swali lile nilimwambia ukweli. Usinipe sifa, nilishindwa tu kumtazama machoni. Nilimfungulia ukurasa wenye grafu nikamwonyesha mstari wa simu yake. Aliusoma taratibu akiushusha kwa kidole, akanyamaza, akausoma tena. Aliuliza kama lile dirisha la siri la kivinjari halikusaidia, maana alilitumia makusudi. Nikamwambia halikusaidia. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba mtoa huduma wa intaneti naye huona majina yaleyale, kwamba kampuni za matangazo zinajua zaidi ya hayo, na yote ni kweli. Hakuningoja nimalize.

"Kaka, kampuni hainijui. Wewe unanijua."

Maneno yale yamenikaa. Sisi wapenda kompyuta tumelelewa kumwogopa adui wa mbali: dola, majasusi, kampuni kubwa, mdukuzi aliyejifunika kofia gizani. Wapo, na kazi yao si ya kubeza. Lakini kwa watu wengi ninaowafahamu, siri huuma inapomfikia mtu wa karibu: mume, mke, mama mkwe, bosi, kaka. Majasusi wakijua kwamba unatafuta nyumba, kesho asubuhi utaamka kama ulivyolala. Mwenzako akijua, huenda usiamke palepale.

Halafu kuna wale wa "mimi sina cha kuficha". Mdogo wangu naye hakuwa na cha kuficha kwa maana yao. Hakuiba, hakudanganya mtu. Alikuwa na jambo ambalo wakati wake wa kusemwa ulikuwa haujafika, na alitaka aliseme yeye, kwa maneno yake, kwa mtu atakayemchagua. Nilimnyang'anya hilo nikiwa nakunywa chai.

Kwa hiyo ukikaa kufikiria usalama wa simu yako, anza karibu, kisha ndiyo uende mbali. Nani anajua namba yako ya kufungulia simu, na alipewa lini, na kwa sababu gani ambayo huenda imeshakwisha? Simu ya zamani uliyompa mtoto wa ndugu bado imo kwenye akaunti yako? Picha unazopiga zinajihifadhi kwenye kompyuta kibao ambayo familia nzima huichezea? Kuna siku ulimwonyesha mtu mahali ulipo kwa sababu ya safari moja, ukazima baadaye, au bado anakuona mpaka leo? Ingia kwenye programu ya ujumbe unayoitumia sana, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uitazame. Mara mbili nimemkalisha mtu afanye hivyo, na mara zote mbili alikuta kompyuta ya ofisi aliyoiacha zamani ingali inapokea ujumbe wake wote. Hilo halihitaji utaalamu, linahitaji dakika tano, na hakuna mtu wa kompyuta atakayekuambia kwa sababu halina utamu wa kusimulia.

Lile dirisha la siri tumelicheka mno bila kulieleza. Kazi yake ni kutoacha historia kwenye kifaa, ili atakayeishika simu baada yako asione. Kwa kazi hiyo linafaa sana, na kwa mtu anayeishi na mwenzake mwenye mkono mrepesi huenda ni muhimu kuliko vyote nilivyowahi kusimika. Ila halikufichi kwa tovuti, wala kwa mtoa huduma, wala kwa kisanduku cha kaka. Google ilishtakiwa mwaka 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliokuwa ndani ya dirisha hilo, na mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu ili kumaliza kesi.

VPN nayo, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine, kwa kuwa naulizwa kila wiki: haiondoi jicho, inalihamisha. Aliyekuwa anaona unakokwenda ni mtoa huduma wako wa intaneti. Sasa anaona muuza VPN, ambaye wengi wetu hatujui ofisi yake iko wapi. Ina kazi zake. Lakini usiinunue kwa sababu kijana mchangamfu kwenye video amekupa punguzo.

Adui wa karibu husahaulika hata na wanaounda vitu kwa nia njema. AirTag ya Apple, kidude kidogo kinachokuonyesha kwenye simu mahali kilipo, ilitoka Aprili 2021 ili watu wasipoteze funguo na mikoba. Mwenye iPhone alipata onyo endapo kidude cha mtu mwingine kinasafiri naye. Mwenye simu ya Android alisubiri mpaka Desemba ya mwaka huohuo, tena alipewa programu ambayo ilimbidi kwanza aijue, aipakue, kisha aifungue mwenyewe na kutafuta. Aliyefikiria funguo alifikiria vizuri sana. Ambaye hakuketi pale mezani ni mtu mwenye mwenzi anayemfuata kazini.

Nilikosea mengine pia, mengi. Niliwahi kusimamia kompyuta za ofisi, na kwa miaka nililazimisha kila mtu abadilishe nenosiri kila baada ya siku 90, liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama ya ajabu. Watu wakaandika kwenye vikaratasi chini ya kibodi, nami nikawacheka. Ushauri ule ulienea kutokana na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003. Aliyeuandika, Bill Burr, alikuja kuwaambia waandishi wa habari mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika, na mwaka huohuo NIST ikatoa mwongozo mpya unaosema watu wasilazimishwe kubadilisha nenosiri bila sababu. Wale wa vikaratasi walikuwa hawana kosa. Mtu akilazimishwa kukumbuka upuuzi mpya kila miezi mitatu, ataongeza tarakimu mwishoni: 1, kisha 2, kisha 3. Wezi wanajua hilo.

Ninachowaambia watu sasa ni kifupi: nenosiri refu la maneno kadhaa yasiyohusiana, tofauti kwa kila akaunti yenye uzito, na programu ya kuyatunza. Ukiona programu inakushinda, nunua daftari uliweke droo. Wenzangu wananizomea kwa hilo la daftari. Lakini mwizi aliye ng'ambo ya bahari hawezi kufungua droo yako, na ukiwa na mtu wa karibu unayemhofia, hapo ndipo uache daftari uchague programu. Unaona? Jibu linatokana na nani unayemhofia. Sisi tulikuwa tunampa kila mtu kufuli moja bila kuuliza mlango uko wapi.

Uhakiki wa hatua mbili, ule wa kuombwa uthibitisho wa ziada baada ya nenosiri, uwashe. Nausisitiza bila kigugumizi. Ila ukipewa nafasi ya kuchagua, tumia programu inayotoa namba za muda, usitoe namba ya simu. Facebook na Twitter zote ziliwahi kuchukua namba ambazo watu walizitoa kwa ajili ya usalama, zikazitumia kulenga matangazo. Twitter ililipa dola milioni 150 kwa jambo hilo mwaka 2022. Mtu alikuja kuomba kufuli, wakamchukua kipimo cha mlango.

Kuna sentensi nimeisema maelfu ya mara: hii ni programu huria, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi, macho mengi yameupitia, kwa hiyo ni salama. Siku moja nilijiuliza ni programu ngapi ambazo mimi, mhubiri mwenyewe, nimeusoma msimbo wake wote. Ni moja. Niliiandika mimi. Hitilafu iliyoitwa Heartbleed ilikaa wazi kwa miaka miwili ndani ya OpenSSL, programu inayolinda sehemu kubwa ya tovuti duniani, mpaka ilipogunduliwa Aprili 2014. Kila mtu alidhani mwingine ameangalia. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akakereka, akafuatilia, akakuta mlango wa siri umepandikizwa kwenye programu ya kubana mafaili iitwayo xz. Nusu sekunde, na mtu mmoja mwenye kero. Bado nachagua programu huria, kwa sababu siku mtu akikereka anaruhusiwa kutazama. Sisemi tena kwamba wamekwisha kutazama.

Kuhusu vifaa vya nyumbani vinavyotaka intaneti nitakuwa mkali kidogo: vingi havina haja nayo. Oktoba 2016 maelfu kwa maelfu ya kamera na virekodi vya video vilivyoachwa na nywila za kiwandani vilitekwa na programu hasidi iitwayo Mirai, na zikaangushwa nazo tovuti kubwa kwa saa kadhaa. Mwaka 2017 Vizio ililipa dola milioni 2.2 kwa sababu televisheni zake milioni 11 zilikuwa zinaripoti watu wanatazama nini. Televisheni yangu haijui nenosiri la Wi-Fi, na haijalalamika.

Kosa lililonichukua muda mrefu zaidi kuliona ni la kudhani faragha ni mali ya mtu mmoja mmoja, kama mswaki. Mwaka 2023 wezi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 za kampuni ya vipimo vya vinasaba, 23andMe, wakitumia nywila zilizovuja kwingine. Kwa kuwa kampuni ile ilikuwa na sehemu ya kuwaunganisha watu na ndugu zao wa damu, akaunti hizo 14,000 zilifungua taarifa za watu milioni 6.9. Wengi wa hao huenda walikuwa na nenosiri zuri kabisa. Waliponzwa na binamu.

Wewe na mimi tunafanya hivyo kwa udogo kila tunapopakua programu mpya ikaomba orodha ya namba za simu, tukabonyeza ruhusu. Namba zile si zetu. Ni za daktari, za mtu aliyetuomba tusimtaje, za rafiki aliyebadilisha namba ili asipatikane. Kataa. Programu nyingi hufanya kazi bila orodha hiyo, na isiyofanya kazi imeshajieleza. Picha za watoto wa wenzako, muulize mzazi kabla ya kuziweka popote. Ukifunga kamera mlangoni, simama ulipo mlango wa jirani uone inatazama nini. Na ukiwa wewe ndiye mtu wa kompyuta wa familia, anayesimika vitu kwa niaba ya wengine, waambie kwa maneno ya kawaida kitu hicho kinaona nini, kinaandika nini, na nani anaweza kusoma. Ukiona aibu kuwaambia, umeshajua la kufanya.

Kuzima uandishi wa kumbukumbu kwenye kisanduku kulinichukua dakika moja. Unaingia kwenye mipangilio, unachagua kisihifadhi chochote, unafuta ya zamani. Hakikupungua nguvu hata chembe. Kiliendelea kuzuia matangazo yaleyale kwa kasi ileile, kwa maana kumbukumbu zile hazikuwa na kazi yoyote tangu mwanzo isipokuwa kunifurahisha mimi.

Mdogo wangu hakuridhika na neno langu, na alikuwa na haki. Alitaka kitu anachoweza kukigusa. Basi nikakihamishia kisanduku sebuleni, kwenye soketi yenye swichi, mahali ambapo kila mtu anafika, nikapanga ruta iwe na njia ya pili ili kikizimwa intaneti isikatike. Mafundi wenzangu watakunja uso hapo, kwa sababu ukiweka njia ya pili matangazo kadhaa hupenya hata kisanduku kikiwa kimewaka. Yapenye. Alihama miezi michache baadaye, alipokuwa tayari, na yale mengine aliyasema kwa mama kwanza, mimi nikayasikia wa tatu.

Huja kututembelea mara kwa mara. Juzi niliamka nikakuta swichi imezimwa na taa ya kisanduku imelala. Nyumbani tulikuwa watu sita, na sina mahali popote pa kuangalia ni nani.